Kabari Sakafuni kwa Mzee Emukule

Haya, kaa vizuri nikutegee. Nina mwana: kila akigongwa, ndivyo anavyozidi kumng'ang'ania mamake. Ni nani huyo?

Fikiri kwanza. Si kupe, kupe ukimgonga anapasuka. Si msumari pia, ingawa hapo umepapasa karibu. Msumari hauna mama. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Malaba? Ahsante, nimeupokea pamoja na malori yake yote yaliyojipanga barabarani kama siafu. Jibu utalikuta huko huko, na usione haya. Inspekta Roselida Makokha wa upelelezi, mwanamke aliyezoea kufumbua mafumbo ya watu wazima wanaodanganya, kitendawili hicho kilimtoa jasho, na wakati akitoka jasho mtu asiye na hatia alikuwa nusura achomwe moto.

Ilikuwa Jumatano, saa moja na robo asubuhi.

Mzee Emukule alikuwa amelala kifudifudi ndani ya kibanda chake cha uhunzi, hatua kama mia mbili kutoka kwenye foleni ya malori. Mkono wake wa kulia ulishika mpini mtupu wa shoka. Chuma cha shoka hilo kilikuwa kando ya sikio lake, kimeganda damu. Kisogoni palikuwa na jeraha moja, refu, la kina. Nzi walikuwa wamefika kabla ya polisi.

Karibu na goti lake, juu ya majivu, kulikuwa na kipande cha mbao kisichozidi kidole gumba, kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili, ukingo wake una bluu iliyochakaa. Kabari.

"Ajali," alisema mkuu wa kituo, akijipepea kwa kofia. "Ona mwenyewe, Madam. Mzee ameinua shoka apasue kuni. Kabari imetoka. Chuma kimechomoka, kimemrudia kisogoni. Kifo cha kazi. Tuandike, twende."

"Kuni ziko wapi?"

"Kuni gani?"

"Hizo alizokuwa anapasua."

Mkuu wa kituo alizungusha macho. Kulikuwa na gogo la kupasulia, kavu, safi, halina hata kibanzi.

"Labda alikuwa hajaanza."

"Basi amekufa kifo cha kazi kabla ya kazi," alisema Roselida.

Konstebo Austine Oundo, msaidizi wake, alicheka, akajifanya anakohoa.

Roselida alichuchumaa. Alitazama maiti, kisha ukuta. Ukutani kulining'inia mashoka ambayo hujapata kuyaona dukani. Moja lilikuwa na ulimi uliopinda kama mwezi mchanga, la kuchezea ngoma za heshima. Jingine lilikuwa jembamba, lina mdomo kama wa korongo, la kufungulia mizinga ya nyuki kwenye magogo. La tatu lilikuwa na ulimi uliokaa kingamo, kama jembe dogo. Hilo lilikuwa la wachonga mitumbwi wa Sio Port, kule ziwani. Yote yalikuwa na mipini ya mti mweusi, yenye vichwa vinene kama ngumi. Kona moja ilikuwa na vipande vya mti huo huo, vyenye nundu, vinavyongoja kuchongwa.

Mlangoni alisimama Apolot, binti wa marehemu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Kikombe cha uji kilikuwa bado mkononi.

"Wewe ndiye uliyemkuta?"

"Ndiyo, afande. Nimemwita Papa, Papa, mara tatu. Nikafikiri amekasirika. Alikuwa mtu wa kunyamaza."

"Jana jioni nani alikuwa hapa?"

"Sikuwepo. Jumanne mimi hushinda Busia, nauza njugu karanga. Nilirudi nikaenda moja kwa moja nyumbani kwangu."

"Unaonaje, ni ajali?"

Apolot alifungua mdomo. Kabla hajajibu, kelele zilipasuka nje.

"Shoka la Emukule halichomoki!"

"Ni Eriaku! Nani mwingine anajua kutoa chuma kwa huo mpini?"

"Leteni huyo mhunzi wa uongo!"

Roselida alitoka mbio. Watu walikuwa wamejaa uani, wakulima, wachuuzi, na matingo wa malori wawili watatu waliotoroka foleni kuja kuona. Katikati yao mzee mmoja mfupi alikuwa anasukumwa huku na huku, shati limechanika bega. Alikuwa Eriaku, mdogo wake marehemu. Mtu mmoja alikuwa ameshabeba tairi kuukuu begani.

"Weka hiyo chini," Roselida alimwambia.

"Madam, wewe ni mgeni. Hawa wawili wamegombana tangu sisi ni watoto."

"Nimesema weka chini. Au nikuandike wewe kwanza? Jina lako nani?"

Tairi lilishuka polepole. Lakini halikwenda mbali.

Austine alimwingiza Eriaku ndani ya gari la polisi. Mama mmoja mzee aliinua fimbo yake, na wote wakanyamaza.

"Binti yangu," alimwambia Roselida, "Ijumaa saa nne tunazika. Kama mwuaji hajajulikana kwa jina, hatutakuja kituoni kubembeleza. Eriaku ana nyumba, na nyumba ina paa la nyasi. Sisi tunajua njia ya kwenda kwake."

Ndani ya nyumba hiyo, Eriaku alikuwa na mke na wajukuu wanne. Roselida alihesabu saa kichwani. Zilikuwa hamsini, na kidogo.

*

Daktari wa mochari hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Pigo moja. Kutoka juu kwenda chini. Aliyepiga alisimama nyuma yake, na marehemu alikuwa ameinama."

"Chuma kilichochomoka chenyewe kingeweza kufanya hivyo?"

"Chuma kilichochomoka hakina nguvu ya mabega, Inspekta. Pigo hili lilikuwa na mabega ya mtu."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Dakika tano. Hata kumi."

"Angeweza kusema?"

"Maneno machache."

Roselida aliandika. Alipofika ofisini alikitoa kile chuma kwenye mfuko wa vielelezo. Hakikuwa na tundu kama shoka la dukani. Nyuma ya ulimi kilikuwa na mkia wa pembe nne, mrefu kama kiganja, uliochongoka. Ncha ya mkia huo ilikuwa inang'aa na imepinda kidogo. Ilikuwa imegongwa juzi juzi tu. Aliigeuza, akaigeuza tena. Hakuelewa.

"Mlete Eriaku," alisema. "Na uende kwenye kile kibanda, uniletee shoka moja la ukutani."

Eriaku aliletwa. Aliketi, akaweka mikono yake mezani. Ilikuwa na makovu ya moto toka vidoleni hadi viwiko.

"Unajua kwa nini uko hapa, mzee?"

"Kwa sababu mimi ni mhunzi."

"Kwa sababu mligombana."

"Tumegombana miaka thelathini, afande. Kama ugomvi ungemuua, angekufa akiwa bado na meno."

"Mligombania nini?"

"Mti."

"Mti gani?"

"Mimi hutia mipini ya mkaratusi. Watu wa malori wanapenda kitu chepesi. Ndugu yangu akaja sokoni, akasimama mbele ya wateja wangu, akasema, 'Hii si mipini, ni miko ya ugali.'" Eriaku alitikisa kichwa. "Wateja walicheka mpaka wakasahau kununua."

Roselida aliuma mdomo ili asicheke naye.

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nachambua mahindi na mke wangu. Lakini shahidi wa mtu akiwa ni mkewe, polisi huandika hana shahidi."

Austine aliingia na lile shoka la mwezi mchanga. Roselida aliliweka mezani.

"Nifundishe hili linavyotiwa mpini. Kama unavyomfundisha mtoto."

Eriaku alimtazama aone kama anatania. Alipoona hatanii, alilishika, na ghafla akawa mtu mwingine, kama mshona nguo aliyerudishiwa sindano.

"La dukani, mti unaingia ndani ya chuma. Sivyo? La kwetu, chuma kinaingia ndani ya mti. Unatafuta mti wa mkwaju, unakata pale shina linapoagana na mzizi. Pale pana nundu. Hapo ndipo kichwa cha mpini. Hupekechi tundu; unautia mkia motoni mpaka uwe mwekundu, unachoma nundu, unatoa, unachoma tena. Mti unalia, moshi unakuingia machoni. Tundu linaachwa jembamba kuliko mkia. Halafu unasukuma, unatundika juu ya meko msimu mzima. Sasa," alilipiga shoka mezani pa serikali, pu! "umeona? Ukikata, gogo linarudisha pigo, pigo linausukuma mkia ndani zaidi. Kila ukilipiga, linakaza."

Austine alipiga paja. "Kumbe ndiye yule mwana!"

Ndiyo. Umelipata jibu pamoja naye. Mwana ni chuma, mamake ni mpini. Lakini ukipata jibu la kitendawili hujapata mwuaji.

"Na ukitaka kukitoa?" Roselida aliuliza.

"Unageuza, unagonga mkia kutoka nyuma kwa nyundo. Mhunzi huweka kibao katikati, asiumize mkia. Hata mimi wa mkaratusi huweka kibao."

Roselida alimwonyesha ile ncha iliyopinda.

"Huyu alipiga chuma kwa chuma," alisema Eriaku, akikunja uso. "Amepiga kama mtu anayeua nyoka."

"Na hii?" Roselida aliutoa mfuko mdogo wenye kile kipande cha mbao. "Ilikuwa sakafuni, karibu na ndugu yako."

Eriaku aliinamia mfuko. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu mwenye kilio kooni.

"Kabari? Kabari ya nini, afande? Hiyo ni ya kukaza mti ndani ya chuma cha dukani. Kuiona kwa ndugu yangu ni kama kuona kiatu kwenye nyayo za nyoka."

Nje lori lilipiga honi, jingine likajibu.

Roselida alisimama, akatembea hadi dirishani. Mwuaji alitaka ionekane ajali. Alikitoa chuma kwa nyundo, akamshikisha maiti mpini mtupu. Kisha akatafuta kitu cha kuonyesha sababu ya chuma kuchomoka, akaweka kabari. Alidhani kila shoka lina kabari.

Watu wa nje walikuwa wanasema ni mhunzi, kwa kuwa mhunzi anajua. Na yeye alikuwa anamtafuta mtu asiyejua.

"Mzee. Katika ukoo wenu ni nani asiyejua haya uliyonieleza?"

"Hakuna. Mtoto wa nyumba ile, hata awe wa kike, hujua kabla meno ya utotoni hayajang'oka." Kisha akarudia, taratibu, kama mtu aliyejikwaa. "Mtoto wa nyumba ile."

"Na yule asiye wa nyumba ile?"

Eriaku aliitazama mikono yake.

"Afande, mimi niko mdomoni mwa simba. Sitamvuta mtoto wa mtu aingie humu ili mimi nitoke. Muulize Apolot."

*

Alhamisi asubuhi turubai la matanga lilikuwa limeshafungwa kwa marehemu. Akina mama walikuwa wanapika, wanaume wanakunywa chai kimya. Yule mwenye tairi alikuwepo, na tairi lake lilikuwa limeegemea mti. Roselida alimvuta Apolot nyuma ya jiko.

"Baba yako alikuwa na watoto wangapi?"

"Watano."

"Wangapi?"

Apolot alishusha macho. "Watano wa hapa."

"Na wa kwingine?"

"Yuko mmoja. Boaz. Mama yake anaitwa Edinah, wa Busia. Papa hakumkana, afande, lakini hakumleta. Watu wazima walikuwa wanamtaja kwa sauti ya chini, kama ugonjwa."

"Alikuwa anakuja hapa?"

"Mwezi huu amekuja Jumanne tatu. Nasikia, mimi Jumanne siko. Anataka shoka."

"Shoka la kufanyia nini?"

"La kuolea." Apolot alipanguza macho kwa ncha ya leso. "Ni desturi ya nyumba yetu. Mwana akitaka kuoa, Papa anamchongea mpini. Hapimi kwa kamba. Anaupima kwa mkono wa huyo mwana, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, mara mbili. Bila shoka hilo hawezi kusema mbele ya wakwe kwamba ni mwana wa Emukule. Boaz anamwoa Trizah, Jumamosi hii. Wazee wa kwao wameuliza, 'Shoka liko wapi?'"

"Na baba yako alimjibu nini?"

"Hakumjibu. Nimekwambia, Papa alikuwa mtu wa kunyamaza. Hata ukimwamkia, jibu lilikuja kesho yake."

"Boaz anafanya kazi gani?"

"Ana duka la vyuma, sokoni Busia. Anauza majembe, panga, na..." Apolot alisita. Mkono ukamwenda mdomoni.

"Na mashoka ya dukani," Roselida alimalizia.

*

Saa tano Roselida alishuka sokoni Busia akiwa amejifunga leso mbili na kikapu kichwani. Usingemjua. Austine alisimama ng'ambo ya njia, anatafuna muwa kama mtu asiye na haraka ya maisha.

Duka lilikuwa dogo, safi, kila kitu kimepangwa. Mwenye duka alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, macho mekundu ya mtu aliyekesha. Jirani yake, mama wa Kiganda anayeuza mitumba, alimtania kwa sauti:

"Nyabo, nunua kwa huyo! Jumamosi anaoa, leo atakupunguzia!"

Mwenye duka hakucheka.

"Karibu, mama. Unatafuta nini?"

"Shoka, mwanangu. Lakini nitilie mpini hapa hapa. Nyumbani hakuna mwanamume."

"Hiyo si kazi."

Alichukua chuma, akapitisha mpini kwenye tundu lake, akaugonga chini mara tatu. Kisha akanyoosha mkono, bila kutazama, kwenye mkebe uliojaa vipande vya mbao. Akachagua kimoja, akakipigilia juu ya mpini. Kabari. Upande wake mmoja ulikuwa na rangi ya bluu iliyochakaa, kama ubao wa mlango wa zamani.

Ile iliyokuwa kwenye mfuko wa vielelezo ilikuwa na ukingo wa bluu vile vile.

"Hapo sasa hata ukipasua mwamba halitoki," alisema mwenye duka.

"Mungu akubariki. Nisaidie na hili la mzee wangu." Roselida alishusha kikapu, akatoa chuma chenye mkia, na mpini mweusi wenye nundu. Vyote alikuwa ameviazima kwa mke wa Eriaku, urithi wa zamani wa ukoo. "Limelegea."

Mikono ya mwenye duka ilisimama hewani.

"Hili umelitoa wapi?"

"Ni la mzee wangu, nimekwambia. Huwezi?"

Angekataa, angeonekana anaogopa, na yeye alijua hivyo. Alikichukua chuma kwa ncha za vidole, akautia mkia ndani ya tundu. Ulicheza. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akauvuta, akautia tena, akautikisa. Kisha mkono wake ukarudi kwenye mkebe, kama mkono wa mtu anayejikuna usingizini. Alichukua kabari na nyundo, akaanza kuigongea kando ya mkia.

"Unaweka nini hapo, mwanangu?"

"Kabari. Bila kabari hili litaruka, litamuua mtu kisogoni."

Hapo hapo nyundo ikasimama. Alikuwa amejisikia.

"Mimi sijataja kisogo," alisema Roselida. Alitia mkono kikapuni, akatoa kitambulisho chake. "Boaz Wekesa, mimi ni Inspekta Roselida Makokha. Weka nyundo chini, taratibu. Una haki ya kunyamaza."

Boaz alitazama mlango. Mlangoni alikuwa Austine, na muwa wake.

*

"Jina."

"Boaz Wekesa."

"Wekesa ni nani?"

"Babu yangu. Babake mama."

"Jina la baba?"

"Andika unavyotaka."

Ilikuwa saa nane mchana, chumba cha mahojiano, meza moja na viti vitatu. Roselida hakuandika kitu.

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Dukani."

"Jirani yako anasema ulifunga saa tisa."

"Nilikwenda kununua mali."

"Wapi?"

"Malaba."

"Kwa nani?"

Roselida alipanga vitu mezani, kimoja kimoja. Mkebe wa kabari. Kabari ya kibandani, ukingo wa bluu. Picha ya mkia uliopinda. Nyundo ya marehemu.

"Nyundo hii ina alama za vidole zisizo za mzee. Tukichukua zako, zitakuwa za nani?"

Boaz aliiingiza mikono chini ya meza.

"Kuna mtu selo namba mbili anaitwa Eriaku. Kesho saa nne watu wataichoma nyumba yake na wajukuu ndani, kwa sababu yako. Unataka hivyo?"

"Sikumtaja Eriaku! Mimi niliweka iwe ajali!"

"Uliweka kabari kwenye shoka lisilotaka kabari. Mtoto wa nyumba ile asingefanya hivyo."

Boaz alipiga meza kwa viganja vyote viwili.

"Mimi si mtoto wa nyumba ile! Nani angenifundisha? Nilikuwa nasimama nje ya yale mabati, nimevaa sare ya shule, nasikiliza nyundo kama mtu anayesikiliza harusi ya jirani. Hakuna aliyeniambia ingia!"

Roselida aliinua mkono kumzuia, akamwita mkuu wa kituo. Sheria haitaki mpelelezi wa kesi achukue maungamo mwenyewe. Mkuu wa kituo alikuja, akavua kofia, akaketi, na safari hii hakusema neno ajali. Boaz aliambiwa haki zake tena. Kisha akasema, na hakuna aliyemkatiza.

"Nilikwenda mara ya nne. Nikamwambia, Papa, nimekuja. Jumamosi wakwe watanitazama mkono. Kama ni kunikana, nikane kwa mdomo, nisikie. Hakujibu. Alininyanyua mkono huu, akautazama toka kiwiko hadi kidole. Akauachia. Halafu akanigeuzia mgongo, akaenda kuinama kwenye kona. Mgongo tu. Miaka thelathini na moja nimeona mgongo wake tu. Shoka lilikuwa kwenye gogo."

"Ukafanya nini?" mkuu wa kituo aliuliza.

"Nikapiga."

"Halafu?"

"Nilikaa naye chini. Hakukawia sana. Alipokata roho, nikafikiria, nikitoa chuma watasema kimechomoka. Kilikataa kutoka. Nilivuta huku nimekanyaga mpini, kikakataa. Nikagonga kwa nyundo. Tundu lilikuwa tupu, nikaona kabari iko wapi? Nikafikiri imeangukia majivuni, sikuiona. Kwenye pikipiki yangu huwa sikosi kabari. Nikaweka moja."

"Daktari anasema mzee aliishi dakika kadhaa," alisema Roselida. "Alikuambia nini?"

Boaz aliisukuma nyundo ya marehemu mbali naye.

"Boaz. Alisema nini?"

"Nimesema nimeua. Hilo halitoshi?"

Alitia sahihi kila ukurasa. Aliulizwa tena, mara mbili. Alitazama ukuta.

Saa kumi Roselida alisimama juu ya hatua za kituo mbele ya watu waliofuata gari kutoka kwenye matanga. Aliwasomea jina la mshukiwa. Aliwaeleza habari ya kabari. Hakuhitaji kueleza mara mbili. Walikuwa watu wa Emukule, walijua. Mnong'ono ulipita, kisha aibu ikafuata nyuma yake. Yule mwenye tairi alilivingirisha kando ya barabara, akarudi mikono mitupu.

"Mzee Eriaku," aliita, sauti imemkauka, "tusamehe."

"Nitafikiri," alijibu Eriaku kutoka mlangoni. "Wewe kesho utachimba kaburi. Peke yako."

Lakini hakuteremka kwenda nyumbani. Alimgeukia Roselida.

"Nataka kumwona."

"Sheria..."

"Dakika moja, binti yangu. Nawe uwepo."

Boaz alikuwa bado kwenye kile kiti, pingu mikononi. Alipomwona Eriaku alijikunja, akingoja kofi. Eriaku alivuta kiti, akaketi karibu naye mpaka magoti yakagusana.

"Sikuulizi kama polisi," alisema. "Nakuuliza kama baba yako mdogo. Hakuna mwingine wa kukuuliza hivyo sasa. Ndugu yangu alisema nini?"

Boaz aliutazama mkono wake, toka kiwiko hadi kidole.

"Alisema..." Alijaribu tena. "Alisema, 'Mwanangu, mbona hukungoja? Nilikuwa nimeinama kukuchagulia mti.'"